Corvette ya 1971: taa moja haimalizi kupanda, na asubuhi zote mbili ziko juu

Swali kwa ufupi: Msomaji wa Aurora, Colorado, ana Chevrolet Corvette ya 1971 yenye injini ya inchi za ujazo 350, gari ambalo taa zake za mbele hujificha ndani ya bodi na kuinuka zinapohitajika. Akivuta swichi ya taa, taa ya kulia hupanda polepole na ya kushoto husimama nusu njia mpaka akanyage mafuta kidogo na kuachia. Akiliegesha gari jioni taa zikiwa chini, asubuhi huzikuta zote mbili zimeinuka. Fundi mmoja amemshauri ang'oe mfumo wote na kufunga mota za umeme. Anauliza kama huo ni ushauri mzuri, na kama sivyo, aanze kununua nini.

Jibu: Usinunue kitu bado, na mfumo usiung'oe. Kwa dalili ulizoeleza, taa zako hazijavunjika. Zinavuja hewa, na uvujaji hutafutwa kwa pampu ya mkono na subira. Wengi hupoteza fedha hapa kwa sababu hununua makopo mawili mapya ya kuinulia taa, kisha rilei, kisha swichi, na mwishowe wanagundua paipu ya mpira iliyopasuka ambayo ingebadilishwa kwa dakika tano.

Kwanza uelewe jinsi taa hizi zinavyoamriwa, maana dalili yako ya asubuhi imejificha humo humo. Corvette za 1963 hadi 1967 zilikuwa na mota za umeme za kugeuza taa. Kuanzia 1968 Chevrolet walihamia kwenye ombwe, vakyumu kama mafundi wanavyoiita: injini inapovuta hewa, ndani ya manifoldi, yaani njia zinazopeleka hewa na mafuta kwenye silinda, kunabaki mvuto, na mvuto huo ndio unaofanya kazi. Mfumo una pande mbili. Upande wa nguvu una paipu nene: unatoka kwenye manifoldi, unapita chujio dogo na vali ya njia moja, unaingia kwenye tangi la akiba huko mbele, kisha unagawanyika kwenda kwenye rilei mbili, ambazo hapa ni vali za mvuto na si za umeme, moja kwa kila taa. Kila rilei inaamua mvuto uende upande gani wa kopo la diaframu (kopo lenye utando unaosogeza fimbo ya taa), wa kupandisha au wa kushusha. Upande wa amri una paipu nyembamba: unapitia vali iliyo kwenye swichi ya taa pale dashibodini, kisha swichi ya mkono iliyo chini ya usukani, halafu unagawanyika kwenda kwenye rilei zote mbili.

Jambo ambalo wengi hulielewa kinyume ni hili: mvuto katika paipu nyembamba ndio unaozishikilia taa CHINI. Ukivuta swichi, vali yake inaruhusu hewa ya kawaida kuingia kwenye paipu hiyo, mvuto unakufa, springi ya rilei inarudi, na rilei inauelekeza mvuto wa tangi kwenye kupandisha. Ndiyo maana swichi mbili zimefungwa kwa mfululizo: yoyote kati yake ikiingiza hewa, taa zinapanda. Ndiyo maana pia paipu nyembamba ikikatika barabarani taa zinainuka badala ya kujifungia. Waliobuni hivi walifikiria dereva aliye gizani, na walifikiria vizuri.

Basi gari lako linapokaa usiku, mvuto wa upande wa amri unapungua taratibu. Ukifika mahali ambapo hauwezi tena kuishinda springi ya rilei, rilei inageuka kana kwamba wewe umevuta swichi, na chochote kilichobaki kwenye tangi kinazipandisha taa. Maana yake tangi halikuwa tupu. Lingekuwa tupu, taa zingebaki zilipo. Mfumo wowote wa aina hii utapoteza mvuto siku moja, lakini mfumo mzima unatakiwa kuzishika taa chini usiku kucha bila wasiwasi.

Dalili ya pili, ya taa ya kushoto kusubiri mpaka uachie mafuta, inasema kitu kingine. Injini inapokuwa na mizunguko mingi na ghafla ukafunga kabureta, mvuto wa manifoldi hupanda juu kuliko wakati wowote. Taa inayomalizia safari kwa mvuto huo wa ziada ni taa iliyokuwa inakosa nguvu: ama mvuto haufiki wote, ama bawaba zimekauka na zinahitaji nguvu nyingi mno. Inawezekana yote mawili.

Kabla ya kugusa taa, pima injini. Unganisha geji ya vakyumu moja kwa moja kwenye manifoldi, injini ikiwa ya moto na inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Vitabu vingi vinakuambia 17 hadi 21 inchi za zebaki, kipimo cha mvuto. Takwimu hizo ni za usawa wa bahari. Aurora iko zaidi ya mita 1,600 juu, na kila mita 300 hivi unapoteza karibu inchi moja. Kwa hiyo kwako injini nzima kabisa itaonyesha 12 hadi 16. Mafundi wa Nairobi, ambako ni juu zaidi kidogo, wanalijua hili: gari lililotoka Mombasa likiwa limerekebishwa vizuri huonyesha sura nyingine likifika huko. Usiogope ukiona 14. Ila uelewe kwamba akiba yako ni ndogo, na uvujaji ambao mtu wa Florida asingeuona kwako unasimamisha taa nusu njia.

Sindano ikisimama imara lakini chini, tuseme 10, angalia muda wa cheche kwanza, maana cheche zinazochelewa hushusha mvuto. Kisha angalia gasketi iliyo chini ya kabureta na paipu ya buusta ya breki kama gari lako linayo. Sindano ikirukaruka kwa mpangilio, tatizo huwa ndani zaidi, kwenye vali za injini. Kama injini imefungwa kemshafti (mhimili unaofungua vali) ya mashindano, mvuto wake wakati wa kunguruma unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba hakuna paipu mpya itakayokusaidia. Hapo ndipo mota za umeme, au pampu ya umeme ya kutengeneza vakyumu, zinapokuwa na maana. Kwa injini ya kawaida isiyochezewa, hazina.

Sasa vifaa. Utahitaji pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji, viunganishi viwili vya njia tatu, mita mbili za paipu ya kujaribia, grisi ya silikoni, na vizibo. Kwa vizibo, vijiti vya mbao vinavyowekewa mpira wa gofu vinafaa kuliko unavyodhani: ncha ni nyembamba na inapanuka taratibu, hivyo kijiti kimoja kinaziba paipu za ukubwa tofauti. Usitumie misumari wala skrubu. Zinachana mpira kwa ndani, nawe unaongeza tundu jipya.

Tahadhari moja kabla ya kuingiza mikono kule mbele: tangi linahifadhi mvuto hata injini ikiwa imezimwa tangu asubuhi. Ukigusa paipu nyembamba kwa bahati mbaya, taa inaruka na kidole chako kiko kati ya vyuma. Chomoa kwanza paipu nene ya tangi, usikie hewa ikiingia mpaka inyamaze, ndipo uendelee. Na pale unapohitaji tangi liwe na mvuto kwa ajili ya kipimo, mikono yote iwe nje.

Anza na tangi na vali ya njia moja. Injini ikiwa imezimwa, chomoa paipu zinazotoka kwenye tangi kwenda kwenye rilei na kwenye dashibodi, uzibe, halafu vuta kwa pampu kutoka upande wa injini, kabla ya vali, hadi 15. Tenganisha pampu, subiri dakika kumi, kisha pima kwenye tangi lenyewe. Likiwa limeshuka sana, puliza vali kwa mdomo: hewa ipite kuelekea injini tu, kamwe isirudi. Vali inayopitisha pande zote mbili haisafishwi, inabadilishwa. Ni kipuri cha bei ndogo. Vali ikiwa nzima, kagua maungio ya tangi na kutu yake.

Hapo hapo liondoe jambo jingine kwenye orodha. Corvette za 1968 hadi 1972 zina kifuniko kinachoficha waipa, nacho kinaendeshwa na vakyumu kutoka chanzo hicho hicho. Kopo la kifuniko cha waipa likitoboka, taa zinakufa njaa ingawa kwenye taa zenyewe hakuna kosa. Ziba tawi linalokwenda huko, washa injini, jaribu taa. Zikipanda sawasawa, umekwisha kumpata mwizi na hujafungua taa hata moja. Hiki ni kipimo cha dakika mbili, na watu wengi hukiruka kwa sababu kifuniko kinaonekana kinafanya kazi.

Sasa makopo ya diaframu, na hapa nakusihi upime kwa utaratibu kwa sababu ndiyo vipuri vya gharama. Kila kopo lina tundu mbili: moja nyuma, na moja mbele, upande unakotokea fimbo. Chomoa paipu zote mbili. Weka pampu kwenye tundu la nyuma, vuta hadi 15, ihesabu dakika moja. Sindano isishuke. Kisha hamishia pampu kwenye tundu la mbele, urudie.

Pande zote mbili zikishika, kopo ni zima, usiliguse. Likivuja upande wa mbele, usikimbilie kusema limekufa. Vuta tena upande wa mbele huku ukiwa umeziba tundu la nyuma kwa kidole. Uvujaji ukikoma, hewa ilikuwa inapita kwenye diaframu iliyochanika, na kopo lazima libadilishwe. Uvujaji ukiendelea vile vile, hewa inaingia pale fimbo inapopenya, yaani sili ya mbele, mpira unaozuia hewa kuzunguka fimbo, imekauka. Sili hiyo inauzwa peke yake, na kubadilisha sili ni kazi tofauti kabisa kwa mfuko wako na kununua kopo zima. Kopo lenye sili mbovu linafanya kazi vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine, kwa hiyo ukiona taa inashuka kwa nguvu lakini inapanda kwa kusuasua, au kinyume chake, wazo la kwanza liwe sili.

Fimbo ikiwa imeliwa na kutu pale inapopita kwenye sili, ing'arishe kwa msasa laini namba 600 au zaidi kabla ya kuweka sili mpya, la sivyo itaichana ndani ya wiki chache. Paka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida inayotokana na mafuta ya petroli inaivimbisha mipira ya aina hii na kuilainisha. Usiipake kwenye sili, diaframu wala ncha za paipu.

Kabla ya kurudisha paipu, ondoa splitipini na pini inayounganisha fimbo na mkono wa taa, kisha pandisha na kushusha taa kwa mkono. Inatakiwa iende bila kukwama mahali popote na ifungie juu kwa mkono kupita kidogo kilele chake, utausikia mguso. Ikiwa nzito nusu njia, hilo ndilo jibu la taa yako ya kushoto, na kopo jipya lisingelitibu. Safisha bawaba, toa grisi ya zamani iliyogeuka kuwa nta, angalia bushi kama zimelika upande mmoja, kisha paka grisi nyeupe ya lithiamu kwenye vyuma. Angalia pia kama ukingo wa taa unakwaruza faibaglasi: bodi ikifungwa upya baada ya ajali, mara nyingi nafasi hubaki milimita chache tu, na rangi iliyokwanguka itakuonyesha mahali.

Rilei zinafuata. Chomoa paipu nyembamba kwenye rilei zote mbili injini ikiwa inanguruma: taa zote mbili zinatakiwa zipande. Sasa unganisha pampu ya mkono kwenye tundu la paipu nyembamba la rilei moja, vuta hadi 15: taa ya upande huo ishuke, na sindano ya pampu ibaki palepale. Sindano ikishuka, diaframu ya ndani ya rilei hiyo imechanika. Sindano ikibaki lakini taa haigeuki, ama rilei imekwama kwa uchafu, ama kitundu chake cha kupumulia kimeziba, ama umebadilishana paipu za kopo. Hili la mwisho hutokea mno. Kiwandani paipu zilikuwa na mistari ya rangi ili zitambulike, lakini gari la zaidi ya miaka 50 limepitia mikono mingi, na paipu nyeusi tupu zimeshachukua nafasi. Usiamini rangi unazozikuta. Fuata paipu kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na ubandike karatasi yenye namba kila ncha kabla ya kuichomoa.

Kisha fanya kipimo ambacho kitajibu swali lako la asubuhi. Jioni, injini ikiwa inanguruma, chomoa paipu nyembamba kwenye rilei zote (taa zitapanda), ziunganishe rilei hizo kwenye pampu kwa kiunganishi cha njia tatu, vuta hadi 15 mpaka taa zishuke, zima injini, acha mpaka asubuhi. Ncha ya paipu inayotoka ndani ya gari nayo uizibe. Taa zikiwa bado chini na sindano haijaporomoka, rilei zako ni nzima, na uvujaji uko ndani ya gari: kwenye swichi ya taa, swichi ya mkono chini ya usukani, au viunganishi vilivyo kati yake.

Kwa huko ndani, tenganisha betri kwanza. Paipu mbili zinazoingia na kutoka kwenye vali ya swichi ya taa, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe kwa kijibomba cha plastiki, ukiiruka swichi. Vuta kwa pampu. Uvujaji ukikoma, vali ya swichi ndiyo mbovu. Usipokoma, irudishe, ruka swichi ya chini ya usukani vivyo hivyo. Nitaanza kuishuku hiyo ya usukani, kwa sababu haitumiki mara kwa mara na oringi yake (pete ya mpira) hukauka ikiwa imekaa pale pale miaka mingi. Isukume na kuivuta mara kumi, pima tena kabla ya kuagiza nyingine. Ikibidi kuitoa swichi ya taa, kitasa chake hakifunguliwi kwa kuzungusha: vuta swichi hadi mwisho, bonyeza kitufe chenye springi kilicho kwenye mwili wa swichi nyuma ya dashibodi, fimbo na kitasa vitatoka pamoja. Watu huvunja dashibodi kwa kulazimisha hapo.

Paipu zenyewe, kama ni za zamani, zibadilishe zote kwa pamoja. Hii ndiyo ununuzi wa kwanza ninaoukubali, na unaweza kuufanya hata kabla ya vipimo vya usiku. Seti kamili za mwaka wa gari lako zinauzwa zikiwa na mistari ya rangi. Paipu iliyokauka haivuji tu mahali ilipopasuka. Ncha yake imepanuka na kuwa ngumu, na haibani tena kwenye tundu. Kukata sentimita moja ya ncha husaidia kwa muda mfupi. Usiweke paipu laini ya kuoshea vioo badala yake, kwa sababu ikipata joto inajikunja ndani kwa mvuto na kuziba, halafu taa zinafanya kazi asubuhi na kugoma mchana, kosa gumu kulitafuta kuliko uvujaji. Na unapotafuta uvujaji injini ikiwa inawaka, usinyunyizie petroli wala kemikali ya kabureta. Tumia kipande cha paipu kilichowekwa sikioni, usogeze ncha ya pili kwenye maungio. Utausikia mluzi.

Taa zikishapanda vizuri, angalia mwanga. Corvette hii ina bodi ya faibaglasi, ambayo haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa inategemea waya wake wa ethi kurudi kwenye fremu. Nyaya hizo hujikunja kila taa inapopanda na kushuka, na hukatikia ndani ya ganda lake bila kuonekana. Ukiona taa moja hafifu au ya njano, pima waya wa ethi kabla ya kununua balbu. Kuna taa nne za duara za inchi 5¾, mbili kila upande, za aina mbili tofauti, usizichanganye. Mwisho elekeza mwanga gari likiwa mita 7.6 kutoka ukutani, mahali pa usawa, lakini baada tu ya kuhakikisha mkono wa taa umefungia juu kabisa. Taa isiyofika juu inamulika barabara mita chache mbele ya bampa hata ukirekebisha skrubu mara ngapi.

Usihangaike zisipopanda kwa pamoja kama jozi ya askari. Paipu ya upande mmoja ni ndefu kuliko ya mwingine, na bawaba hazifanani. Tofauti ndogo kati yake ilikuwepo hata gari likiwa jipya. Kinachotakiwa ni kwamba zote zinafika, zote zinafungia, na asubuhi unazikuta ulipoziacha.

Kwa gari lako, ningefuata mpangilio huu: geji kwenye manifoldi, ziba tawi la waipa, pima makopo, legeza bawaba za kushoto, kisha kipimo cha usiku kwenye rilei. Usipopata jibu hapo, niandikie namba zote ulizosoma, inchi kwa inchi, pamoja na muda uliosubiri kila mara.